Karani, Karama na Miche ya Minazi

Likizo moja, kabla sijaanza shahada ya uzamili, nilipata kibarua cha kuandikisha wakulima waliotaka miche ya minazi huku kwetu Mwera. Siku ya tatu akaja bibi mmoja, hana kitambulisho. Nikamwamkia, kisha nikamwambia siwezi kumwandika, ndiyo sheria. Akanitazama. "Mjukuu wangu, shamba langu si unalijua?" Nililijua. Nilikuwa nikilikatiza kila asubuhi nikienda shule. Nikamwita anayefuata.

Bibi yule hunijia kila ninapoirudia Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Mara nyingi tunafundishwa kuisoma kama hadithi ya dhamiri ya mtu mmoja mbele ya dola dhalimu. Karama anasimama barazani, katika nchi iliyo angani, akishitakiwa na waziri Majivuno. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kuitafutia nchi mema, na waliporudi wakatupwa gerezani. Usomaji huo una haki yake, ila unaliruka kosa lenyewe aliloshitakiwa Karama. Alitaka watu wafundishwe sheria.

Hapo ndipo riwaya inaponibana. Siku ile nilidhani nina njia mbili tu: kuitii karatasi au kuusikiliza moyo wangu. Miezi kadhaa baadaye niliusoma mwongozo wa zoezi letu hadi ukurasa wa mwisho. Asiye na kitambulisho aliruhusiwa kuleta barua ya mtendaji wa kijiji, na ofisi ya mtendaji ilikuwa ng'ambo ya barabara. Nilichokiita sheria kilikuwa uvivu wangu wa kusoma. Pale ambapo watu hawaijui sheria, kila mwenye kalamu anaweza kuwa Majivuno, hata kijana wa kibarua mwenye meza ya kuazima.

Nadhani Shaaban Robert aliijua kalamu hiyo kwa mkono wake. Alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, na kwa miaka mingi alifanya kazi forodhani Pangani, ng'ambo ya mto kutoka kwetu. Mtu aliyeishi ndani ya kanuni za wengine asingeandika kwamba dhamiri inatosha peke yake. Anatutaka tuisome sheria kwanza, tujue inasema nini na nani amekatazwa kuijua.

Lakini mwisho wa riwaya hauniridhishi. Karama anaachiwa na wafungwa wanafunguliwa kwa kuwa mfalme amekubali kusikiliza. Je, asingesikiliza? Wajumbe sita hawakulipata sikio hilo. Zipo sheria ambazo ukizisoma hadi mwisho huoni mlango wowote, na hapo kusoma hakumwokoi mtu. Anabaki na dhamiri yake na gharama yake. Kusadikika inatufikisha karibu na swali hilo, kisha inamwachia mfalme alijibu. Mimi ningependa Karama aulizwe yeye.

Nilimwendea bibi kumweleza habari za ile barua. Miche ilikwisha kugawiwa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akaendelea kusuka ukili wake, kisha akauliza jambo moja tu: "Wakija tena, utakaa wewe mezani?"