Wauza nyaya wa Luthuli

Wauzaji wa nyaya na plagi katika barabara ya Luthuli, Nairobi, wanastahili pongezi. Aliye hodari huuliza kwanza umbali kutoka maikrofoni hadi mikisa. Kwa ukumbi mkubwa hutoa waya wenye plagi za XLR: nyuzi mbili hubeba sauti ileile kwa mikondo iliyo kinyume, na kelele za umeme zinazoingia njiani hufutana; pini ya 1 ni ya ethi. Kisha hukwangua ncha ya waya kwa kisu, mteja akitazama. Shaba halisi ni nyekundu hadi ndani. Alumini iliyopakwa shaba huonyesha weupe. Haipitishi umeme vizuri kama shaba, na hukatika upesi ikikunjwakunjwa. Ukaguzi huo una thamani kubwa, kwani waya mbovu ukishafukiwa ukutani, kuubadilisha ni kubomoa plasta.