Kamisheni ya Dalali wa Mikopo: Nani Hulipa?

Hukumu ya Mahakama ya Juu ya Uingereza ya tarehe 1 Agosti, 2025, kuhusu mikopo ya magari, imesema nusu ya ukweli. Imekiri kwamba muuza magari anayemtafutia mnunuzi mkopo hutafuta faida yake mwenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo ikaona kamisheni anayopewa na mkopeshaji si hongo. Katika shauri moja tu kati ya matatu, ambamo kamisheni ilifikia asilimia 55 ya gharama ya mkopo, ndipo mkopaji alipopata haki.

Sisi tunasema: fedha hiyo ni jasho la mkopaji. Kuitangaza tu hakutoshi. Mkopeshaji akatazwe kuitoa. Mkopaji amlipe dalali waziwazi, ili dalali amtumikie yeye.