Herufi moja kwenye cheti: nimesoma hukumu ya Audrey Mbugua



Hapa tumezoea kuchambua vitabu na filamu. Leo nimeleta hukumu ya mahakama. Wale mulisoma sheria munisamehe, mimi si wa kundi lenu. Niliisoma kama mwalimu, mtu anayeshinda kati ya daftari la mahudhurio na orodha za mtihani. Lakini hukumu nayo ni maandishi. Ina mtu ndani yake, ina mabishano, ina mahali inapoenda vizuri na mahali inapochoka. Tena hii inasomeka kuliko vitabu vingi tulivyolazimishwa kumaliza shuleni.

Ilitolewa na Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu, Nairobi, tarehe 7 Oktoba 2014. Aliyepeleka kesi ni Audrey Mbugua Ithibu. Aliyeshitakiwa ni Baraza la Mitihani la Taifa la Kenya. Audrey alimaliza sekondari mwaka 2001 katika shule ya Kiambu, akapata A-. Alama kama hiyo, hapa kwetu mzazi angechinja mbuzi. Cheti kilitoka na jina la Andrew na alama ya mwanaume. Baadaye Audrey akaishi wazi kama mwanamke, akabadili jina, na kile cheti kizuri kikageuka mzigo. Ukikipeleka kuomba kazi, wanaangalia karatasi, wanakuangalia wewe, wanarudia karatasi. Aliomba jina libadilishwe na alama ya jinsia iondolewe. Baraza halikumkubalia, akaenda mahakamani.

Kabla sijaendelea, tuelewane juu ya neno. Transijenda ni mtu aliyezaliwa akaandikwa mwanaume lakini yeye mwenyewe anajijua ni mwanamke, ao aliyeandikwa mwanamke na anajijua ni mwanaume. Si sawa na huntha, ambaye mwili wake tangu kuzaliwa hauko wazi upande mmoja. Wala si swali la nani anapenda nani. Katika maongezi yetu mambo haya matatu tunayatia katika gunia moja, kisha tunapiga gunia.

Sasa hukumu. Kinachonipendeza ni udogo wa swali lake. Wengi wetu, tungepewa kesi hii, tungeanza na mahubiri: mwanamke ni nani, Mungu aliumba nini, mila inasema nini. Jaji alichukua kanuni za mtihani akauliza: hii alama ya jinsia, nani aliagiza iwe kwenye cheti? Akakuta kanuni haziilazimishi. Ikiondolewa, cheti kinapungukiwa nini? Hakuna, juu alama za mtihani hazitolewi kwa kufuata jinsia. A- inabaki A-. Tena kanuni zilezile zinalipa Baraza uwezo wa kurudisha cheti na kukirekebisha pale inapohitajika. Kwa hiyo akaamuru jina libadilishwe na alama ifutwe, akishika pia heshima ya utu iliyoandikwa katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010.

Ni hivyo tu. Mtu anaweza kumaliza kusoma bado hajakubaliana na Audrey juu ya Audrey, na bado akaona kwamba ile alama haikuwa na kazi yoyote pale isipokuwa kumuaibisha mwenye cheti. Kwangu hiyo njo nguvu ya maandishi haya: hayamuombi msomaji abadilike kwanza ili atende haki.

Nieleze kwa nini swali hili dogo lilinikamata. Mwaka tulipofanya mtihani wa Leta, hapa Goma, tulikuwa na mwenzetu aliyeandikwa msichana. Sketi ya iniforme alikuwa anaivalia mlangoni mwa shule na kuivulia mlangoni mwa shule. Siku ya kwanza ya mtihani alikuja na suruali ya bluu, shati jeupe, kichwa kimenyolewa. Msimamizi akasoma jina, akamtazama, akasoma tena kwa sauti kubwa zaidi. "Ile ni wewe? Uko mwanaume ao mwanamuke? Unatuchezea?" Kituo kizima kikacheka. Mimi pia nilicheka, na kwa sauti. Alienda kuazima sketi, akarudi wenzake wamekwisha kuanza. Siku ya pili alikuja. Siku ya tatu hakuonekana, na diploma hakupata mwaka ule wala sijasikia kama aliwahi kuipata.

Sijue leo angejiita nani. Sitamupatia jina ambalo mwenyewe hakujipatia. Lakini ninapouliza swali la Jaji Korir, sketi ile ilikuwa na kazi gani katika hesabu na Kifaransa alivyokuja kujibu, sipati jibu. Utambulisho? Namba yake ilikuwepo, na walimu waliomfundisha miaka sita walikuwepo palepale. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema, "Namujua, muache aingie."

Kuna kitu kingine niliona wakati nilipojaribu kuwasimulia wenzangu kesi hii katika chumba cha walimu. Kwa Kiswahili nilisimulia yote bila kikwazo: yeye alisoma, yeye alishinda, cheti chake. Lugha yetu haikunidai nichague. Nilipoanza kueleza kwa Kifaransa, sentensi ya kwanza tu ikanikwama, juu Kifaransa kinadai kujua ni bwana ao bibi hata kabla ya kitenzi. Na shule yetu, baada ya madarasa ya kwanza kabisa, ni shule ya Kifaransa. Fomu ni ya Kifaransa, orodha ni ya Kifaransa, hata mwalimu anagawanywa kuwa Metre ao Madame, wakati neno "Mwalimu" linatosha wote. Sisemi Kiswahili hakina dharau. Matusi tunayo ya kutosha. Nasema tu kwamba sehemu ya kinachoitwa mambo ya kigeni, nikichunguza, ni ule ulazima wa kumtangaza kila mtu jinsia yake, na ulazima huo umeingia kwetu na karatasi.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema kesi hii ni ya Wakenya, haituhusu. Kubadili majina kwenye vyeti? Wakongomani, sisi njo wenyewe! Mwaka 1972 nchi nzima ilibadili majina. Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko, na kila aliyebatizwa Pierre ao Marie ikabidi atafute jina la mababu. Waliokuwa shuleni waliandikwa upya. Baada ya 1990 wengi wakarudisha yale ya ubatizo. Hakuna aliyesema daftari limeharibika milele, ao kwamba diploma ya Pierre si diploma ya yule aliyeitwa kwa jina la babu yake. Hata leo Sheria ya Familia ya 1987, pamoja na marekebisho ya 2016, inakataza kubadili jina ovyo lakini inaacha mlango: mahakama ya amani inaweza kuruhusu kwa sababu ya haki. Nchi iliyoweza kuandika upya majina ya mamilioni kwa amri ya mtu mmoja haiwezi kuniambia kwamba jina la mwanafunzi mmoja halina namna.

Sasa niseme mahali hukumu inaponiacha na njaa.

Kwanza, inasimama sana juu ya karatasi za daktari. Audrey alikuwa na ushahidi wa hospitali kwamba hali yake inajulikana na kutambuliwa, na jaji aliutumia. Kwa mahakama naelewa. Kwa shule, ni hatari. Mtoto wa miaka 15 wa Birere ao Majengo ataitoa wapi barua ya mtaalamu wa akili? Tukisema heshima inaanza pale barua inapofika, basi kwa maskini haitaanza. Na tunamfundisha mtoto kwamba lazima akubali kuitwa mgonjwa ndipo aitwe kwa jina lake.

Pili, ilikuja imechelewa: mtihani 2001, hukumu 2014. Miaka 13. Hukumu inamzungumzia mhitimu. Ndani yake hakuna darasa, hakuna choo, hakuna bweni, hakuna mwalimu wa zamu. Simlaumu jaji, hakuulizwa. Lakini msomaji asije akafikiri cheti kikisafishwa shule nayo imesafika. Ushahidi ulionekana palepale Kenya. Desemba 2021 Waziri wa Elimu, George Magoha, alisema wanafunzi wanaopenda wa jinsia yao wasikae bweni, waende shule za kutwa karibu na kwao. Januari 2022 vijana wakaandamana kwenda wizarani Nairobi. Waziri alikuwa anasema kundi lingine la lile gunia letu, lakini kila mtoto asiyefanana na iniforme yake alisikia kwamba maneno yanamuhusu.

Tatu, mwalimu hayumo. Na hapa kwetu mwalimu ni mtu wa orodha kuliko hata mwanafunzi. Wote tunajua: herufi moja ikikosewa kwenye orodha ya malipo, isifanane na kadi ya uchaguzi, mshahara umekwama. Mwalimu transijenda mwenye akili timamu atafanya nini? Atajificha mpaka pensheni. Shule itampoteza akiwa bado amesimama mbele ya ubao.

Najua jibu mtakalonipa. "Mwalimu, mji huu una vita, una wakimbizi, una volkano, na wewe unatuletea jambo hili?" Ni jibu zito, sitalidharau. Ila mji huu umejifunza kitu juu ya karatasi ambacho miji mingine haijajifunza. Januari 2002, moto wa Nyiragongo uliposhuka mpaka katikati ya mji, watu walibaki bila nyumba na bila hati. Nakumbuka watoto wakipokelewa kwa neno la mzazi peke yake: anaitwa fulani, alikuwa darasa fulani. Tuliandika tulichoambiwa na masomo yakaendelea. Kila wimbi la wakimbizi tunafanya hivyo tena. Kumbe tunaweza kumwamini mtu juu ya jina lake, tukitaka.

Tena si kila herufi ni ya kufutwa. Safu ya wavulana na wasichana kwenye takwimu za shule ina kazi: bila hiyo tusingeona wasichana wangapi wanaacha shule kabla ya kumaliza. Uzuri wa swali la Korir ni kwamba linatofautisha. Katika hesabu ya prefe alama ina kazi. Katika kuita majina asubuhi haina. Mlangoni mwa mtihani haina.

Kwa hiyo ninyi wenzangu muliopo shuleni, kabla sheria yoyote haijaandikwa Kinshasa, kuna mambo ambayo hayadai ruhusa ya mtu. Mwite mwanafunzi kwa lile jina kati ya majina yake ambalo analiitikia. Wengi wana Bahati ao Riziki katikati, jina linalovaliwa na wote. Kwa mtoto wa Kinande ni ngumu zaidi, juu Kambale linatangaza mvulana na Kavira linatangaza msichana; hapo muulize pembeni, si mbele ya darasa. Suruali iwe iniforme halali kwa yeyote anayeitaka. Choo kimoja chenye mlango na kufuli, hata cha walimu, kimpe mtoto nafasi asishinde bila kunywa maji. Na siri ya mtoto asiibebe mwalimu mpaka kwa jirani, wala nyumbani, kabla ya kujua nyumbani kukoje. Sheria yetu ya adhabu haina kifungu kinachokataza mtu kuwa transijenda, lakini barabara zetu zina mikono, na neno la mwalimu linaweza kuifikisha mikono ile mlangoni.

Isomeni hukumu yenyewe. Iko wazi kwa kila mtu kwenye maktaba ya sheria ya Kenya, na Kiingereza chake si kigumu. Mutaona mapungufu mengine ambayo mimi sikuyaona.

Mimi mwaka huu nimepangwa tena kusimamia mtihani. Nitakuwa mlangoni, na orodha mkononi. Nimeomba mambo mengi kwa Mungu juu ya siku hizo nne. Mojawapo ni kwamba nisisome jina la mtu mara ya pili.