Euro 6,000 Si Kifuta Jasho

Mliomwona yule mshiriki wa Uholanzi kwenye Deal or No Deal mnakumbuka raundi ya tisa ilivyokwisha: aliondoka na euro 10. Bado wapo wanaomtetea, na hoja yao ni ileile, kwamba alishapoteza vya kutosha na hakuwa tena na cha kuogopa. Alikuwa nacho. Alikuwa na euro 6,000 za uhakika mezani.

Twende taratibu. Imebaki mikoba miwili iliyofungwa, mmoja wake yeye, mmoja una 10, mwingine 10,000. Wastani ni 5,005. Benki ya mchezo, inayotoa ofa ya kuununua mkoba wake, inampa 6,000, yaani asilimia 120 ya wastani. Benki hiyohiyo iliyomwanzia na asilimia 4 katika raundi ya kwanza sasa inamwongezea karibu euro 1,000 juu ya thamani ya mchezo wenyewe! Akikataa, anatafuta nyongeza ya 4,000, na anachokiweka rehani ni 5,990, kwa nafasi nusu kwa nusu. Hata mtu asiyeogopa hasara hata chembe, anayetazama wastani peke yake, hapo anachukua pesa na kushukuru. Kukataa kungekuwa na maana kwa mtu anayeipenda hatari kwa ajili ya hatari yenyewe, na mtu huyo hakuonekana katika raundi za mwanzo. Yeye akasema hapana, akafunguliwa ule wa 10.

Sisemi kila alipokataa alikosea: kuzikataa ofa za raundi ya nne na ya tano ulikuwa uchezaji mzuri.

Kilichomharibu ni raundi ya sita. Alikataa 75,000, jambo ambalo naweza kulikubali, kisha akafungua mkoba wenye 500,000. Wastani ukaporomoka kutoka 102,006 hadi 2,508. Tangu hapo hakuicheza tena mikoba iliyokuwa mbele yake. Alikuwa akiifukuzia ile 75,000. Akaletewa 2,400, akakataa. Akaletewa 3,500, asilimia 105 ya wastani, akakataa tena. Kila ofa aliipima kwa kilichokwisha kwenda, na kwa kipimo hicho 6,000 huonekana kifuta jasho. Mwenye nyumba anayekuja kudai kodi haulizi kama hizo 6,000 zilikuwa 75,000 jioni ileile.

Thierry Post, Martijn van den Assem, Guido Baltussen na Richard Thaler waliwachambua washiriki 151 wa Uholanzi, Ujerumani na Marekani, wakachapisha mwaka 2008. Waliokumbwa na mkosi mkubwa walizidi kuthubutu. Wakawachezesha na wanafunzi, kundi moja likiwa na zawadi mara kumi ya lingine, na maamuzi yakafanana sana. Maana yake kiasi hudharauliwa kwa sababu ya vilivyokaa jirani yake ubaoni. Watetezi wameudaka utafiti huo kama kinga. Unaeleza kosa lilivyozaliwa, haulisafishi.

Na nirudie nililolisema mara nyingi: sehemu ya lawama ni ya ukumbi. Watu wanaopiga kelele za "hapana" hawalipi chochote mkoba ukifunguliwa vibaya. Mchezo umepangwa hivyo, ofa duni mwanzoni ili mtu azoee kukataa, na anapofika kwenye ofa ya kweli mdomo umeshakariri jibu.

Anayetaka kuona kiasi kidogo kikiheshimiwa amrudie James Holzhauer wa Jeopardy!, shindano la maswali la televisheni ya Marekani, tarehe 3 Juni 2019. Ameshinda mara 32, ana dola 2,462,216, na kwa mara ya kwanza anaingia swali la mwisho, ambalo kila mshiriki huliwekea dau, akiwa nyuma: 23,400 dhidi ya 26,600 za kiongozi, wa tatu akiwa na 11,000. Kiongozi angeweka dau la kumfunika, na akijibu sawa, Holzhauer angekuwa amekwisha, aweke dau lolote. Njia pekee ilikuwa kiongozi akosee, na hapo wa kuchungwa ni yule wa tatu, ambaye akiongeza mara mbili anafika 22,000. Holzhauer akaweka 1,399. Kiongozi akajibu sawa, mchezo ukaisha, na mitaani ikasemwa kwamba mtu aliyezoea kuweka makumi ya maelfu ameachia makusudi. Toa 1,399 kwenye 23,400. Inabaki 22,001.