Sifa za Wahunzi wa Uchagani

Ijapokuwa makumbusho madogo ya Wachaga yaliyoko Marangu, katika miteremko ya kusini-mashariki ya Kilimanjaro, yana mengi ya kumshughulisha mgeni, hususan ile nyumba ya msonge iliyoezekwa hata chini, ambamo watu walilala pamoja na ng'ombe na mbuzi wao, kitu kinachonivuta mimi kuliko vyote ni mkuki, kwa bapa lake refu jembamba na ule mgongo ulionyooka toka shina hata ncha.

Mlima huu, pamoja na rutuba yake yote, haukuwaruzuku wenyeji wake chuma cha kufulia mikuki hiyo. Kilitoka Ugweno, katika milima ya Upare, ambako ukoo wa Washana ulikuwa mashuhuri kwa kukiyeyusha. Na misafara ya pwani ilipopanda bara kutoka Pangani na Mombasa, ilichukua, pamoja na shanga na nguo, masango, yaani nyaya nene, ambazo mhunzi wa Kichaga alizitia motoni akazifua hata zikawa silaha. Hata Wamasai, ambao kwa kuhofu mashambulio yao Wachaga walichimba mahandaki ya kujisitiri wao na mifugo yao, waliitaka mikuki ya Uchagani. Na sijui sifa gani ya fundi ipitayo hiyo, kuhitajiwa na hasimu wake.

Lakini ustadi wenyewe hauonekani ukutani. Atakaye kuufahamu na aende Mamba, jirani na Marangu, ambako uhunzi ungali hai, amtazame avukutaye. Mivukuto ni viriba viwili vya ngozi ya mbuzi: aufumbua mdomo wa kiriba anapokiinua, aufumba anapokishindilia, mkono wa kuume ukipokezana na wa kushoto bila kituo, hata pumzi ipite katika mrija wa udongo na kuufikia mkaa kwa mfululizo usiokatika, kama pumzi za mtu aliyelala. Pumzi ikilegea, chuma hupoa kabla ya nyundo, ikizidi, huungua. Mhunzi naye hana kipimo cha moto ila macho yake, yasomayo hali ya chuma katika kila rangi, akajua ni ipi ya kukunja na ipi ya kuunga.

Si ajabu, basi, kwamba watu wa zamani walimheshimu na kumcha kwa pamoja, hata mmisionari Bruno Gutmann, aliyeishi na Wachaga miaka mingi, akaandika mwaka 1912 makala mahususi juu ya mhunzi na sanaa yake. Leo malighafi ni springi za magari yaliyochakaa, na wanunuzi aghalabu hutaka visu na mapanga, lakini mikono ni ile ile, na kazi haikupungua uzito.

Ningependa kila jumba la makumbusho la namna hii liweke mvukuto kando ya mkuki, kwa cheo kilicho sawa, na mtoto aingiaye aruhusiwe kuushika kwa mikono miwili na kuvukuta mpaka achoke.