Anza na Neti: Kijitanda cha Ubavuni Kilivyopimwa Manyatta

Kitu cha kwanza tulichopima hakikuwa kitanda. Mdogo wangu, mimba ya miezi minane, alikuwa ameketi ukingoni mwa godoro, na shemeji ananionyesha picha kwenye simu: kijitanda cha Ulaya, pande zake za kitambaa chenye matundu, kinasogezwa hadi kikagusa kitanda cha mama, ubavu mmoja unateremshwa, na mtoto analala karibu na ziwa bila kulala godoro moja na wazazi. (Karibu na ziwa kwa maana zote mbili, maana kutoka hapa Manyatta, Kisumu, hadi majini si mwendo.) Walikuwa wanatafuta fundi wa kuwaigia.

"Dada, hiki si kitu kigumu," shemeji akaniambia. "Ni sanduku lenye miguu."

Nikampa ncha moja ya tepu, nikamwomba apande kwenye kiti apime neti.

Maelezo ya vijitanda hivi yanayotoka nje hayataji mbu, na kwa aliyeyaandika hiyo si kasoro, kwani kwake mbu ni kero ya kiangazi. Kisumu na kaunti jirani za ziwa ndiko malaria inakosumbua Kenya kuliko kwingineko, tena mwaka mzima. Kijitanda cha ubavuni hutumika miezi mitano au sita ya mwanzo, hadi mtoto aanze kujisukuma kwa mikono na magoti. Chanjo ya malaria, iliyojaribiwa Siaya na Kombewa kabla ya kuzinduliwa Ndhiwa, Homa Bay, tarehe 13 Septemba 2019, dozi yake ya kwanza hutolewa mtoto akitimiza miezi 6. Kwa hiyo muda wote anaolala humo chanjo haijamfikia. Amebakiwa na kinga aliyorithi kwa mama, ambayo hupungua kadiri miezi inavyosonga, na neti.

Neti tunajua inavyofanya kazi kwa sababu ilipimwa hapa hapa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa KEMRI ya Kenya na CDC ya Marekani waligawa neti zenye dawa Asembo na Gem, huko Siaya, kijiji hiki kikipewa na kile kikisubiri, kisha wakahesabu vifo. Miongoni mwa watoto wa mwezi 1 hadi miezi 11, vifo vilipungua kwa takriban asilimia 23. Ila mimi huvutiwa zaidi na upande wa pili wa kazi hiyo. Watafiti walipochunguza nani hasa analala ndani ya neti, walikuta si wote waliopewa, na sababu walizoambiwa zilikuwa za chumbani kabisa: joto, na ule usumbufu wa kupanga upya nani alale wapi. Kijitanda kipya ni kupanga upya nani alale wapi. Ukikinunua bila kufikiria neti, unaweza kuwa umelipa pesa kumtoa mtoto nje ya neti ambayo angelala ndani yake bure, kifuani mwa mama.

Tukapiga hesabu. Kitanda chao ni cha nne kwa sita, yaani sentimita 122 kwa upana. Neti yao ni ya mraba, sita kwa sita, sentimita 183 kila upande. Mbao ya ubavu wa kitanda, upande wa ukutani, inakula sentimita 3. Zinabaki 58 za kugawana na kijitanda. Nikasema kisizidi 52 kwa nje, ili neti iwe na nafasi ya kuteremka bila kuvutika. Kile cha kwenye simu ya shemeji hatukujua upana wake, na tangu hapo hatukuwa na haja ya kuujua.

Urefu wa kwenda juu ndio uliotuchukua jioni nzima. Vitanda vyetu vya mbao huwa na godoro lililozama ndani ya fremu. Ukikiegemeza kijitanda kwenye fremu, kati ya godoro la mama na la mtoto unabaki mfereji wenye upana wa ile mbao, na mfereji ndio hatari yenyewe: kichanga akibingirishwa na mteremko akaingiza uso humo, hana shingo ya kujitoa. Dawa yake ni sakafu ya kijitanda kupita juu ya ile mbao ili kiguse godoro la mama moja kwa moja. Mbao yao inaishia sentimita 45 kutoka chini, kwa hiyo chini ya sakafu ya kijitanda tukapaweka 46. Ongeza plaiwudi ya sentimita 1 na sponji ya inchi 3, uso wa godoro la mtoto unafika kama 54 na nusu. Godoro la mama liko 58, lakini mdogo wangu alipolala ukingoni lilizama hadi 54. Yaani wakiwa wamelala wote wawili, wako sawa.

Ubavu wa upande wa mama hauondolewi wote. Kanuni ya Ulaya ya mwaka 2019, EN 1130, inataka kibaki kizuizi kisichopungua sentimita 12. Shemeji alilalamika kwamba kinaharibu maana ya kitu chenyewe. Mdogo wangu alipima kwa mkono, akaona anaweza kumwinua mtoto juu yake bila kuketi, akanyamaza. Ukimwona mama mjamzito amenyamaza katika mabishano ya aina hii, endelea na kazi.

Fundi tulimkuta Kibuye, kando ya barabara ya Kakamega, katikati ya fremu za sofa zilizokuwa zikingoja kuvishwa kitambaa. Mchoro wake wa kwanza ulikuwa mzuri kwa macho: plaiwudi pande zote, kopa zimekatwa kwa msumeno mwembamba kichwani na miguuni. Nilimwambia Kisumu hii mtoto atachemka humo. Tunataka fito pande tatu.

"Fito nizipange kwa umbali gani, madam?"

"Sentimita 5. Ukishamaliza nitakuja na mkebe wa soda. Ukipita, unarudia."

Akacheka, lakini sikuwa natania. Kanuni ya Marekani ni kwamba nafasi isizidi sentimita 6, na mkebe wa kawaida ni mnene kidogo kuliko hapo. Usipopita, mwili wa kichanga nao hautateleza ukaacha kichwa kimenasa. Fito zina kazi ya pili ambayo mchoro wa Ulaya hauijui. Mbu huuma hata kupitia neti, mradi ngozi imeigusa. Kwenye kijitanda cha sentimita 52, chenye pande za kitambaa laini, mkono wa mtoto ungekuwa unasukuma kitambaa hicho hadi kwenye neti usiku kucha. Fito ngumu zinaiweka neti mbali naye. Ndiyo sababu niliacha kabisa kutamani ile picha.

Mbao tulichagua saiprasi. Fundi alitaka kutuuzia mvule, na mvule ni mbao ya heshima, lakini kijitanda cha miezi sita kinachosogezwa kila asubuhi ili mama apite hakihitaji heshima, kinahitaji wepesi. Mkaratusi nao, usipokauka vizuri, hujipinda, na skrubu iliyokazwa Jumapili inacheza Jumapili ya pili. Tulipokea vipande vilivyokuwa vikavu kwa kuvishika tu: viwili vya kipimo kimoja, mkono unajua kipi bado kina maji. Kukaza tukatumia bolti na nati pembe zote nne, msasa mara mbili, bila rangi. Kenya imeweka kikomo cha risasi kwenye rangi, sehemu 90 kwa milioni, lakini mkebe ambao fundi ameshaufungua huusomi.

Tulifikiria pia kapu. Dunga wanasuka viti na vikapu kwa mafunjo na kwa magugumaji, na kapu la mtoto lingekuwa jepesi tena la kwetu. Tatizo ni kwamba kapu likiwekwa juu ya godoro linaegemea kila mama anapojigeuza, na likiwekwa sakafuni limetoka nje ya neti.

Shemeji alikuwa na hoja moja ya mwisho kuhusu cha dukani: kimepimwa na wataalamu. Ni kweli mara nyingi. Lakini Rock 'n Play ya Fisher-Price ilikuwa ya dukani, iliuzwa kwa miaka kumi, na Aprili 2019 vipande milioni 4.7 viliitwa virudishwe baada ya vifo vya watoto zaidi ya 30, kwa kuwa ilimlaza mtoto kwa mteremko. Vitanda ambavyo ubavu wake huteleza juu na chini, Marekani ilivipiga marufuku 2011, na kitanda hakiozi kwa sababu kimepigwa marufuku. Mtu hukiuza. Anayenunua cha mitumba afungue kila skrubu aitazame, kisha akibonyeze kwenye pembe kwa uzito wake wote. Bapa, kigumu, kisicho na kitu ndani: zaidi ya hapo ni mapambo. Ile seti ya mito ya pembeni aliyoletewa mdogo wangu na wenzake wa kazini, yenye twiga, tuliitundika ukutani.

Sponji tulikata kwa kipimo cha ndani kabisa, haidensiti, na jaribio ni vidole viwili: visiingie kati ya sponji na ubao. Kiganja ukikibonyeza juu yake kisha ukakiondoa, alama isibaki.

Kijitanda kilipofika Manyatta kilikuwa sawa kwenye kila kipimo, kikashindwa jaribio la kwanza. Tuliweka ndani pakiti mbili za unga za kilo mbili mbili, mdogo wangu akalala, akajigeuza mara tatu kama afanyavyo usiku. Sakafu yao ni simiti iliyong'arishwa. Kijitanda kiliteleza, na nafasi ikafunguka hadi nikaingiza kiganja kizima. Fundi alikuwa amefunga kamba ya katani kwenye mguu wa kitanda kikubwa, nayo ikalegea. Tukaitoa. Tulinunua mikanda miwili ya kufungia mabegi, ile yenye kifungo cha kukazia, tukaipitisha chini ya godoro la mama hadi mbao ya upande wa pili, tukaivuta hadi mbao ikalia. Akajigeuza tena. Kidole hakikuingia.

Ikabaki neti, na hapo ndipo nilipogundua kosa langu mwenyewe. Nilikuwa nimehesabu upana nikasahau kimo. Neti ina kimo cha sentimita 150. Ukiitundika sentimita 175 kutoka chini, ncha yake inaishia 25, ambayo inatosha kuchomekwa chini ya godoro la mama pande tatu. Upande wa nne huwezi kuchomeka, kijitanda kipo. Neti inapita nje yake na kuning'inia hewani, na mbu anayepumzika mvunguni anapanda kwa raha zake kupitia chini. Kwa mahesabu yangu yote tungekuwa tumejenga ngazi.

Mama mmoja mshonaji, jirani yao, ndiye aliyetuokoa, na hakutumia kalamu. Leso moja ina kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo. Aliikata kwa urefu vipande vitatu vya sentimita 36 hivi, akaviunganisha, akavishona kama pindo kwenye ncha ya neti, upande wa kijitanda na kona zake mbili. Tulihitaji karibu mita 3. Vipande viwili vingepungua baada ya mshono, vitatu vikazidi. Sentimita 25 zinafika chini, zinazobaki zinalala sakafuni kama pazia. Leso huuzwa jozi. Nusu ya pili ndiyo aliyofungiwa mtoto siku ya kutoka hospitali.

Misumari ya neti ilibidi ihamishwe kuelekea dirishani, karibu nusu ya upana wa kijitanda, la sivyo paa la neti lingevutika upande mmoja. Kisha kuna saa. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, jua huzama karibu saa kumi na mbili na dakika arubaini, likitofautiana kidogo tu mwaka mzima. Neti inateremshwa kabla ya hapo, baada ya kufagia mvungu na kukung'uta viatu, kwa sababu pindo lililofika sakafuni linamfungia mbu ndani kwa uaminifu ule ule linaomfungia nje. Ikifuliwa, ianikwe kivulini. Jua linaila dawa. Na mtoto, kwa joto la ndani ya neti, alivikwa fulana na shuka nyepesi moja, si yale mashali matatu na kofia ya sufu ambayo kila mgeni alidai anayahitaji. Alilazwa chali kila mara, hata alipolalamika.

Alijisukuma kwa mikono akiwa na miezi mitano na siku chache. Jioni hiyo hiyo shemeji alifungua mikanda. Kijitanda kimeazimwa na mpangaji wa mlango wa tatu, anayejifungua mwezi ujao. Kitanda chake ni cha tano kwa sita, sentimita 152, na neti yake ni sita kwa sita kama ile yetu. Amenipigia simu kuuliza kama nina ile tepu.