Msimbo Chanzo na Vifurushi Vilivyo Tayari katika FreeBSD: Uhakiki wa Dhana ya Ulinganifu

1.0 Utangulizi

Mifumo endeshi ya jamii ya Unix humpa msimamizi wa kompyuta njia kuu mbili za kupata programu. Ya kwanza ni kuiunda programu kutokana na msimbo chanzo wake. Ya pili ni kupakua kifurushi kilichokwisha kuundwa na wengine. Katika FreeBSD njia hizi zina asili moja. Kila kifurushi rasmi hutokana na porti, yaani maelekezo yanayobainisha mahali pa kupata msimbo, viraka vya kuutia na namna ya kuuunda. Mkusanyiko wa porti ulianza mwaka 1994, na leo una porti zaidi ya 30,000.

Kwa kuwa asili ni moja, ni rahisi kudhani kwamba matokeo nayo ni mamoja, na kwamba njia hizi zinaweza kuchanganywa bila madhara mradi namba za matoleo zilingane. Makala haya yanaihoji dhana hiyo. Hoja yake kuu ni kwamba zana za FreeBSD hutambua vizuri tofauti baina ya programu iliyoundwa na msimamizi na ile iliyo katika hazina rasmi, lakini hazihifadhi nia iliyoileta tofauti hiyo. Pengo hilo, kama itakavyoonyeshwa, huishia kuwa suala la usalama.

2.0 Mipaka ya namba ya toleo

Chanzo cha kwanza cha kutolingana ni matawi. Mkusanyiko wa porti una tawi kuu linalopokea mabadiliko kila siku, na matawi ya robo mwaka, kwa mfano 2024Q1, ambayo hupokea hasa marekebisho ya usalama na ya hitilafu. Kwa kawaida amri ya pkg husoma vifurushi vya tawi la robo mwaka. Msimamizi anayenakili mkusanyiko wa porti bila kutaja tawi, kwa upande mwingine, hupata tawi kuu. Hivyo mtu aliyefuata mipangilio ya kawaida katika njia zote mbili hujikuta ana programu za nyakati mbili tofauti ndani ya mashine moja, bila kuamua kufanya hivyo. Kitabu cha mwongozo cha FreeBSD huelekeza kwamba tawi la porti lioane na tawi la vifurushi. Elekezo hilo ni sahihi, ila halitoshi.

Halitoshi kwa sababu programu mbili za tawi moja na toleo moja bado zinaweza kutofautiana. Chukua namba kama 1.2.3_4,1. Tarakimu iliyo baada ya mstari wa chini huonyesha marudio ya uundaji, na ile ya baada ya mkato huwekwa pale mpangilio wa matoleo unapolazimika kuanza upya. Hakuna sehemu ya namba hiyo inayotaja chaguo zilizotumika wakati wa kuunda.

Mfano wa OpenSSL unalidhihirisha jambo hili. FreeBSD ina nakala ya OpenSSL ndani ya mfumo wa msingi, na nakala nyingine hupatikana kama porti. Msimamizi anaweza kuandika DEFAULT_VERSIONS+=ssl=openssl katika faili la /etc/make.conf, kisha akaunda curl. Maktaba ya curl itakayotokea itaitegemea OpenSSL ya porti. Ikiwa PHP katika mashine hiyo imetokana na kifurushi rasmi kinachoitegemea OpenSSL ya msingi, basi siku PHP itakapoiita curl, mchakato mmoja utabeba nakala mbili za maktaba moja, zenye majina yale yale ya kazi za ndani. Programu inaweza kuanguka, au kufanya kazi leo na kushindwa kesho. Namba zote za matoleo, hata hivyo, zitaonekana kulingana. Ulinganifu, kwa hiyo, si sifa ya programu moja moja. Ni sifa ya uhusiano baina ya programu zote zinazokutana katika mashine.

3.0 Tofauti pasipo nia

Haitakuwa haki kudai kwamba FreeBSD hailioni tatizo hili. Zana ya pkg, iliyochukua nafasi ya zana za awali kuanzia FreeBSD 10.0 ya Januari 2014, huhifadhi katika hifadhidata yake chaguo za kila kifurushi, vitegemezi vyake na maktaba inazozihitaji. Amri ya pkg upgrade hulinganisha taarifa hizo na zile za hazina. Ikiona kwamba chaguo zimebadilika, hupendekeza kifurushi kisakinishwe upya, na hutaja sababu.

Udhaifu umo katika hatua inayofuata utambuzi huo. Kwa pkg, hazina ndiyo kipimo, na kilichoundwa na msimamizi ni upotofu unaopaswa kusahihishwa. Msimamizi aliyeunda programu ili kuwasha chaguo lisilokuwemo katika kifurushi rasmi huletewa pendekezo la kuliondoa chaguo hilo, na akilikubali bila kusoma, kazi yake inafutika. Zana imeona kuwa vitu viwili havifanani. Haikuuliza kwa nini havifanani.

Kinga inayotumika sana ni pkg lock, amri inayokizuia kifurushi kisiguswe. Hapa ndipo gharama halisi inapojitokeza. Kufuli hilo halitofautishi badiliko linaloharibu na badiliko linaloponya. Huzuia kifurushi rasmi kisiifunike kazi ya msimamizi, na wakati huo huo huzuia marekebisho ya usalama. Amri ya pkg audit itatangaza kwamba toleo lililopo lina udhaifu unaojulikana, lakini kutangaza si kurekebisha. Programu iliyoundwa kwa uangalifu zaidi kuliko nyingine zote, na ambayo mara nyingi ndiyo inayokabili intaneti, ndiyo inayobaki nyuma.

Kitabu cha mwongozo kina sehemu ya lawama. Huweka faida za vifurushi upande mmoja na faida za porti upande mwingine, kana kwamba uteuzi hufanywa programu kwa programu. Mpangilio huo unamfundisha msomaji kuuliza swali la sehemu, ilhali madhara yake yanauhusu mfumo mzima.

4.0 Majibu matatu

Jibu la kwanza ni Poudriere, zana inayounda vifurushi ndani ya mazingira yaliyotengwa, kutokana na tawi moja na seti moja ya chaguo. Msimamizi huunda hazina yake, na mashine zake husakinisha vifurushi tu. Nia yake huhifadhiwa katika mafaili ya chaguo, na pkg kwa kawaida hupendelea kuendelea na hazina ambako kifurushi kilitoka mara ya kwanza. Hili ni jibu thabiti, ila ni ghali: chaguo moja katika programu ndogo linaweza kudai kuundwa kwa LLVM au Rust, kazi ya saa nyingi kwa mashine dhaifu. Uwezo wa Poudriere wa kuchukua vifurushi rasmi pale chaguo na vitegemezi vinapooana umepunguza mzigo huo.

Jibu la pili linatoka Gentoo, mfumo uliojulikana kwa miaka mingi kwa kuunda kila kitu kutokana na msimbo chanzo, na ambao Desemba 2023 ulitangaza kusambaza vifurushi vilivyo tayari kwa wingi. Mtumiaji hutamka chaguo zake katika mafaili ya mipangilio. Kifurushi kilicho tayari hukubaliwa kikioana na tamko hilo. Kisipooana, programu huundwa upya. Uhusiano umegeuzwa: tamko la mtumiaji ndilo kipimo, na kifurushi hupimwa kwalo.

Jibu la tatu ni Nix, iliyofafanuliwa na Eelco Dolstra katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 2006, Chuo Kikuu cha Utrecht. Humo jina la kila kifurushi hubeba alama inayokokotolewa kutokana na vyote vilivyotumika kukiunda. Programu mbili zenye chaguo tofauti huwa na majina tofauti na hukaa mahali tofauti, na kifurushi cha kupakuliwa ni mbadala tu wa kuunda kitu chenye jina lile lile. Hata hivyo, alama hiyo kwa kawaida hueleza viambato, si zao. Mashine mbili zinaweza kutumia viambato vile vile zikatoa mafaili yasiyofanana, kwa mfano pale muda wa uundaji unapoandikwa ndani ya faili. Aidha, kirekebisho kimoja katika maktaba ya chini hudai kuundwa upya kwa kila kinachoitegemea.

5.0 Hitimisho

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Uhakiki huu unaonyesha kwamba kinachoponyoka katika FreeBSD si lazima kiponyoke. Tatizo halikutokana na kuwepo kwa njia mbili. Gentoo ina njia hizo hizo, nayo huziweka chini ya tamko moja. Limetokana na zana inayochukulia tofauti yoyote kuwa kosa.

Marekebisho yanayopendekezwa hayahitaji kuubomoa mfumo uliopo. Amri ya pkg annotate tayari huruhusu kifurushi kilichosakinishwa kubandikwa maelezo. Kinachokosekana ni pkg upgrade kuyasoma maelezo hayo kama agizo: kifurushi kilichoundwa kwa makusudi kisifunikwe wala kisifungwe, bali msimamizi aambiwe kwamba toleo jipya lipo, na kwamba liundwe kutoka tawi lipi na kwa chaguo zipi. Kitabu cha mwongozo nacho kianze na mfumo mzima kabla ya programu moja. Hadi hapo, anayechanganya njia mbili bila kuwa na hazina yake anapaswa kujua kwamba pkg lock humlinda dhidi ya hazina, na si dhidi ya udhaifu ulio ndani ya programu aliyoifunga.